Siri ya Mja na Mola Wake

Wahenga walinena kwamba adhabu ya kaburi aijuaye maiti. Methali hiyo aghalabu hutumika kwa mambo ya dhiki na mashaka. Walakini ukweli wake ni mpana zaidi, kwani yako pia mambo ya neema ambayo hayajui ila yule aliyefikwa nayo. Miongoni mwa hayo hakuna linaloigusa nafsi ya mwanadamu kuliko ile saa ambayo mja, awe msikitini, kanisani, hekaluni au peke yake baharini, huhisi bila ya chembe ya shaka kwamba Mola wake yu karibu naye. Leo tumekusudia kulizungumza jambo hilo. Hatufanyi hivyo kwa nia ya kutoa fatwa, maana hiyo si kazi yetu, bali kwa sababu linahusu amani ya visiwa hivi na dhamana ya wale waliokabidhiwa kuviongoza.

Tulipata kukaa barazani na mzee mmoja mvuvi, katika kijiji kimoja cha Pemba, akatusimulia yaliyomkuta ujanani mwake. Ngalawa yake ilipinduka usiku wakati wa kusi, naye akabaki ameshikilia chombo hicho mpaka alfajiri. Alipiga kelele hata sauti ikamkauka. Ndipo, alisema, ilipomjia hali ambayo hakupata kuiona kabla ya hapo wala baada yake: hofu ilimtoka kama nguo ivuliwavyo mwilini, akajua kwamba akifa au akiishi yumo mikononi mwa Mwenye kumiliki. Tulipomwuliza ilikuwaje hasa, alinyamaza kitambo, akatikisa kichwa, kisha akatukaribisha kahawa. Hakuongeza neno. Jirani zake ndio waliotueleza baadaye kwamba wiki ile ile aliyookolewa alikwenda kwa ndugu yake, ambaye walikuwa hawasemezani miaka mingi kwa ajili ya mpaka wa shamba, akamwachia mikarafuu yote iliyokuwa ikigombewa.

Katika kisa hicho tuliona mambo mawili. La kwanza ni kwamba mzee yule hakuweza kukieleza kilichomfika. La pili ni kwamba, ingawa ulimi wake ulishindwa, mwenendo wake ulieleza. Na mtu akizipekua habari za wacha Mungu wa dini mbalimbali, atakuta mambo hayo mawili yakijirudia kwa namna ya kustaajabisha.

Tuanze na Imamu Abu Hamid al-Ghazali, ambaye vitabu vyake vimesomwa katika darsa za mwambao wetu kizazi baada ya kizazi. Mwaka 1091 aliteuliwa kufundisha katika Madrasa ya Nidhamiya mjini Baghdad. Alikuwa na wanafunzi 300, alikuwa na jaha, na watawala walimsikiliza. Mwaka 1095 ulimi wake ulifungika. Alisimama mbele ya wanafunzi asiweze kutamka neno. Chakula hakikupita kooni. Matabibu wakakata tamaa, wakasema kwamba maradhi hayo asili yake ni moyo. Basi aliiacha kazi, akaigawa mali yake akabakisha ya kuwatosha watoto, akashika njia ya Shamu. Huko Damascus alikuwa akipanda katika mnara wa msikiti na kujifungia humo mchana kutwa. Baadaye aliandika kwamba kuijua maana ya afya kama aijuavyo tabibu ni jambo moja, na kuwa mzima wa afya ni jambo jingine. Hali kadhalika kumjua Mwenyezi Mungu kwa vitabu si sawa na kuonja. Mwanachuoni mkubwa kuliko wote wa zama zake alikiri kwamba elimu yake ilimfikisha mlangoni tu.

Tutoke Baghdad twende Paris, miaka mia tano na zaidi baadaye, kwa mwanachuoni mwingine. Blaise Pascal alikuwa bingwa wa hisabati aliyeunda mashine ya kuhesabia angali kijana. Usiku wa tarehe 23 Novemba 1654, kuanzia yapata saa nne na nusu hadi saa sita na nusu, alifikwa na jambo ambalo aliliandika katika karatasi kwa maneno machache yaliyokatika-katika, akitaja moto, yakini na machozi ya furaha. Karatasi hiyo aliishona ndani ya bitana la koti lake. Hakumwonyesha mtu. Alipofariki mwaka 1662 ndipo mtumishi alipohisi kitu kigumu kwenye nguo, akaifumua na kuikuta. Lakini waliokuwa karibu naye walikuwa wamekwisha kuyaona matunda. Katika siku zake za mwisho alikuwa ameikaribisha nyumbani mwake familia ya maskini. Mtoto wao aliposhikwa na ndui, Pascal, ambaye mwenyewe alikuwa mgonjwa, hakukubali watolewe; alihama yeye.

Wala mambo haya si ya wafuasi wa Vitabu pekee. Mwaka 1896, katika mji wa Madurai kusini mwa Bara Hindi, kijana wa Kihindu mwenye umri wa miaka 16 alishikwa ghafla na hofu ya mauti hali hakuwa mgonjwa. Alilala sakafuni, akavikakamaza viungo vyake kama maiti, akajiuliza ni nani hasa anayekufa. Alipoinuka, hofu ilikuwa imekwisha. Hazikupita wiki nyingi akaondoka kwenda mlima wa Arunachala, akaishi hapo mpaka alipofariki mwaka 1950. Watu walimwita Ramana Maharshi. Walimwendea wa kila dini kutoka kila pembe, na majibu yake mengi yalikuwa ni ukimya. Alfajiri, watu hao hao waliosafiri masafa marefu kumwona walimkuta jikoni akikata mboga.

Naye Teresa wa Avila, mtawa wa Hispania aliyeishi kati ya 1515 na 1582, aliona njozi nyingi. Lakini yeye mwenyewe alikuwa wa kwanza kuzitilia mashaka, akazipeleka kwa waungamishi wake wazichunguze. Aliwafundisha masista wake kwamba wakiitwa kazi za jikoni wasihuzunike, kwani Bwana yumo hata katikati ya vyungu. Kanisa Katoliki lilimpa daraja ya Mwalimu wa Kanisa mwaka 1970, akiwa mwanamke wa kwanza kuipata.

Tusifahamike vibaya. Hatusemi kwamba dini zote ni moja, wala kwamba itikadi ni kitu kidogo. Mwislamu anayo imani yake, Mkristo anayo yake, Mhindu anayo yake, na hitilafu zilizopo baina yao ni za kweli. Tunachosema ni kwamba saa ya kuonja, kama walivyoieleza wenyewe, haikumfanya yeyote kati yao kuwa mtu wa makelele.

Mwanachuoni wa Kimarekani William James alilichunguza jambo hili katika mihadhara aliyoitoa Edinburgh mwaka 1901 na 1902, akaikusanya katika kitabu kilichotoka mwaka huo wa 1902. Alibainisha kwamba hali hiyo haielezeki kwa maneno, kwamba humwachia mtu maarifa, kwamba haidumu, na kwamba humjia mja wala haiburuti kwa nguvu zake. Kisha akatoa hukumu ambayo tunaona yafaa kuzingatiwa na kila kiongozi. Alisema kwamba aliyefikwa na jambo hilo ana haki ya kuliamini na kulifuata, lakini jambo hilo halimpi mamlaka yoyote ya kumlazimisha asiyefikwa nalo. Yaani, lililo hoja kwa nafsi yake si amri kwa jirani.

Hapo ndipo penye hatari, na hapo ndipo palipotufanya tushike kalamu. Tarehe 17 Machi 2000, huko Kanungu, kusini-magharibi ya Uganda, mamia ya watu waliangamia kwa moto ndani ya nyumba ya ibada. Viongozi wao walidai kutokewa na kuzungumzishwa kutoka mbinguni, na wafuasi walikuwa wamekwisha kukabidhi mali zao. Mwaka 2023, katika msitu wa Shakahola karibu na Malindi, mwambao huu huu wetu, zilifukuliwa maiti zaidi ya 400 za watu walioambiwa kwamba kufunga mpaka kufa ndiyo njia ya kukutana na Mola wao. Miongoni mwao walikuwamo watoto wadogo. Watoto wale hawakuona njozi yoyote. Walikufa kwa njozi ya mtu mwingine.

Wala visiwa vyetu navyo havina kinga. Katika Mji Mkongwe, mtu akitembea kwa miguu muda wa nusu saa hupita mbele ya misikiti mingi, makanisa makuu mawili na mahekalu ya Wahindu. Kanisa la Mkunazini lenyewe lilianza kujengwa mwaka 1873 pale palipokuwa soko la watumwa. Majirani hawa wamezoeana kwa adhana na kengele muda mrefu. Hata hivyo, mwaka 2012 na 2013 makanisa yalichomwa moto hapa Unguja, na viongozi wa dini, Waislamu kwa Wakristo, walishambuliwa. Padri mmoja aliuawa kwa risasi Februari 2013. Na tukumbuke pia kwamba Sheikh Uways bin Muhammad wa Barawa, ambaye aliieneza tarika ya Kadiriya na zikiri yake hadi Unguja, aliuawa mwaka 1909 huko Somalia na Waislamu wenziwe waliohitilafiana naye katika tarika. Anayejiona kuwa yeye pekee ndiye aliyefunuliwa haki, hata ndugu yake wa imani moja hasalimiki naye.

Sasa wananchi na viongozi wapime kwa kipimo gani? Wahenga wamekwisha kutusaidia waliposema kwamba kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Aliyeonja kweli hupungua kiburi. Hukubali kuulizwa na kuchunguzwa kama alivyokubali Teresa. Huwarudia watu kwa huduma kama alivyofanya Pascal. Wala hadai roho za watu, mali zao wala watoto wao kuwa ni malipo ya njozi yake. Asiyekuwa na dalili hizo, hata angelia machozi juu ya mimbari, watu wana haki ya kujihadhari naye.

Kwa upande wa Serikali, Katiba ya Jamhuri ya Muungano ya mwaka 1977 na Katiba ya Zanzibar ya mwaka 1984 zote mbili, katika vifungu vya 19, zimelinda uhuru wa mtu kuamini na kuabudu. Tunaiona ni hekima kubwa, kwani dola haina mizani ya kupimia kilichomo moyoni. Afisa wa Serikali hawezi kuamua ni nani aliyezungumzishwa na ni nani aliyeota, na akijaribu kufanya hivyo atamwonea mcha Mungu na kumwacha mwongo mwenye maneno matamu. Zikiri ya usiku, mkesha wa maombi, ngoma za hekaluni, hayo si fitina kwa kuwa tu hatuyafahamu.

Lakini mwili wa raia una mizani, na hiyo Serikali inayo. Sheha hahitaji kusoma itikadi ya kikundi chochote ili aulize maswali haya: Je, watoto wa hapo wanakwenda skuli? Mgonjwa anaruhusiwa kupelekwa hospitali? Jamaa wanaruhusiwa kuonana na mtu wao? Anayetaka kutoka, anatoka? Nyumba na mashamba ya wafuasi yanahamia jina la nani? Huko Shakahola watoto walikuwa wametolewa masomoni na tiba imekatazwa muda mrefu kabla ya kaburi la kwanza kufukuliwa. Dalili zilikuwapo, nazo hazikuwa za kiroho. Zilikuwa ni za kuonekana kwa macho. Tunawaomba wenye dhamana, kuanzia shehia hadi wizara, wasingoje harufu ya maiti ndipo wabishe hodi.

Na sisi wananchi tuna sehemu yetu. Tuwe wepesi wa kusikiliza jirani anapotuambia kwamba Mola amemgusa, tusimcheke wala tusimkufurishe. Na tuwe wazito wa kumfuata mtu yeyote anayetutaka tuzime akili tulizopewa na Mola huyo huyo.

Mzee wetu wa Pemba hakufungua madrasa, wala hakutafuta wafuasi, wala hakumwambia mtu apinduke baharini ili aone alichokiona yeye. Tulipoagana naye, jua lilikuwa linakuchwa na karafuu zinaanuliwa. Ndugu yake, yule aliyeachiwa miti, alikuwa amekaa jamvini akichambua vikonyo, na wote wawili wakainuka kutusindikiza mpaka njiani. Hapana dalili nyingine tuliyoihitaji.