Mbaraka Mwinshehe: Masikio Mengi, Mapato Machache

Miaka ya 1970, kumsikiliza Mbaraka Mwinshehe ukiwa Kintinku, kituo cha Reli ya Kati wilayani Manyoni, kuligharimu mawe ya redio. Yakichoka unayaanika juani, yanasukuma wimbo mmoja au miwili zaidi. Redio moja ilitosha kibaraza kizima, na msikilizaji hakumlipa mwimbaji chochote.

Mbaraka alizaliwa 1944. Katikati ya miaka ya 1960 alijiunga na bendi ya Morogoro Jazz, 1973 akaunda Super Volcano, na Januari 1979 ajali ya gari ikamuua Mombasa akiwa na miaka 34. Kazi yote haikuzidi miaka 15. Aliimba huku akipiga gitaa la solo, na malalamiko yake ya mapenzi na shida yangezaliwa Marekani yangeitwa bluzi. Mwaka 1970 Morogoro Jazz iliiwakilisha Tanzania Osaka, Japani, kwenye maonesho yaliyopokea watu zaidi ya milioni 64 kwa miezi 6. Sensa ya 1967 ilikuwa imehesabu Watanzania milioni 12.3 tu.

Lakini fedha ilikuwa kwenye sahani za santuri, na sahani zilitengenezwa Nairobi. Redio Tanzania ilirekodi bendi ili irushe nyimbo hewani, si kuziuza. Sahani ndogo ya mizunguko 45 kwa dakika ilibeba kama dakika 3 au 4 kila upande. Dansi haliishi hapo: maneno yakiisha, magitaa ndiyo kwanza yanapata moto. Kwa hiyo wimbo ulikatwa katikati, nusu upande huu, nusu ule, na mnunuzi akaondoka na wimbo mmoja kwa bei ya sahani nzima. Februari 1977 Tanzania ikafunga mpaka na Kenya, ukafunguliwa 1983. Kiwanda na soko kubwa la Mbaraka vikabaki ng'ambo.

Leo kadi ya kumbukumbu ya simu ya GB 4 inameza nyimbo kama 690 za dakika 6, kwa ubora wa kawaida. Kwa sahani, kila moja gramu 40 hivi, huo ungekuwa mzigo wa karibu kilo 28. Wa kuubeba hayupo, lakini wa kulipia nyimbo naye ni wa kutafuta kwa tochi.

Sheria ya Hakimiliki ya 1999 inamlinda mtunzi maisha yake yote na miaka 50 baada ya kufa. Kwa Mbaraka, hiyo inafika ukingoni 2029. Baada ya hapo baa, redio na wauza miito ya simu watatumia tungo zake bila kudaiwa hata senti. Wenye dhamana ya kukusanya mirabaha wafanye hivyo sasa, warithi wangali na haki mkononi.