Shupaza Isiyofika

Mei 2003, katika kasino ya Binion's Horseshoe mjini Las Vegas, watu 839 waliketi kuwania ubingwa wa dunia wa poka, kila kiti kikiwa na thamani ya dola 10,000. Mwishoni wakabaki wawili: Sam Farha, mcheza karata aliyebobea, na Chris Moneymaker, mhasibu wa Tennessee aliyepata kiti chake kupitia shindano dogo la intaneti.

Hatua hizo za mwisho zina hesabu yake. Bingwa hazoi fedha zote. Mwaka huo alipata dola milioni 2.5, wa pili milioni 1.3. Kwa hiyo meza ikiwa bado na watu kadhaa, sarafu unazopoteza huuma kuliko unazoshinda. Mwenye rundo kubwa hulijua hilo, akawabana wenye marundo ya kati, ambao hawataki kutoka kabla ya wanyonge. Mnyonge naye hana anasa ya kusubiri: dau la lazima hupanda kila baada ya muda. Humpasa kusukuma zote mapema, angali anaogopwa.

Wakibaki wawili, hofu ya kupitwa huisha. Moneymaker alikuwa akingoja shupaza moja, haikuja. Mkononi hakuwa na hata jozi, ila mzee na saba. Akasukuma sarafu zake zote, uso mkavu nyuma ya miwani myeusi.

Farha, mwenye jozi ya tisa, alifikiri kwa muda, kisha akatupa karata.