Sinema ya Idi Amin mbele ya baba mkwe

Kuna makosa ukiyafanya ukweni unatamani ardhi ipasuke ikumeze. Langu nililifanya Handeni, Desemba iliyopita.

Tulishuka Mkata na mume wangu, tukaunga gari hadi Chanika kuwasalimia wazazi. Usiku, baada ya ugali na kisamvu, tukakaa sebuleni. Mume wangu alikuwa na flashi yenye sinema ya zamani ya Idi Amin, Rise and Fall of Idi Amin, iliyotoka 1981. Iliongozwa na Sharad Patel na kupigwa Kenya, hata mwaka haujapita tangu Amin akimbie. Baba mkwe alikuwa mgambo aliyekwenda vita vya Kagera akiwa na miaka 19, basi nikajiona mkwe mwenye akili kuliko wote. Nikachomeka flashi kwenye TV.

Jamani! Hata nusu saa haikufika, mara mambo ya chumbani. Mama mkwe akakumbuka ghafla kuna vyombo jikoni. Mume wangu akainamia simu. Mimi natafuta rimoti, siioni!

Nilidhani yakipita hayo tutapata sinema. Wapi! Ikawa damu, vichwa vya watu ndani ya friji, na Amin anaonja nyama ya binadamu, uvumi ambao haujawahi kuthibitishwa. Damu yenyewe kama rangi ya ukutani. Tuwe wakweli, Joseph Olita, Mkenya aliyeigiza Amin, anafanana naye mpaka unashtuka. Lakini mtu mmoja hawezi kuibeba picha nzima. Ni sinema ya kuuza vitisho kwa bei rahisi, na hata kutisha haitishi.

Kinachotisha ni yaliyotokea kweli. Septemba 1972, Jaji Mkuu Benedicto Kiwanuka alichukuliwa Mahakama Kuu Kampala, mchana kweupe, akauawa. Februari 1977 akauawa Askofu Mkuu Janani Luwum. Mtu anaaga asubuhi anakwenda kazini, jioni mke anasubiri, harudi. Hapo huhitaji friji.

Nikaipata rimoti, nikazima. Nikasema, "Baba, nisamehe sana."

Akacheka kidogo. "Mwanangu, hao wamekosea. Vita siyo kelele zote hizo. Vita ni kutembea."

Akaanza kusimulia. Walivyotembea kwenye matope, mvua mgongoni, buti zimelowa wiki nzima. Walivyofika Kyaka, daraja limelipuliwa, nyumba ziko wazi, ng'ombe hakuna, na kimya cha kijiji kisicho na mtu. Alikuwa na rafiki yake wa hapo hapo Handeni, walikuwa wakigawana blanketi moja. Huyo hakuiona Kampala ikianguka Aprili 11, 1979. Baba mkwe ndiye aliyepeleka habari kwa mama yake. Akanyamaza, akaomba maji.

Nikamtazama mume wangu. Machozi yalikuwa yanamlenga. Ana miaka 36, na hakuwa amewahi kuisikia stori ile. Usiku chumbani akaniambia, "Sijawahi kumuuliza. Nilidhani hapendi kuongelea." Asubuhi mzee naye akaninong'oneza, "Sikuwahi kusema, nilidhani hawataki kusikia."

Msomaji wangu, nimeyaona hayo hayo kwenye ndoa nyingi, yangu ikiwemo. Kila mmoja anamhurumia mwenzake kwa kunyamaza, miaka inakatika. Ukitaka kuanza, usiulize swali zito. Uliza dogo: mlikuwa mnakula nini? Ulilala wapi? Kisha weka simu chini, usikilize.

Rafiki yule anasadikiwa amelala Kaboya, mkoani Kagera, kwenye makaburi ya mashujaa. Mzee hajawahi kufika. Mwaka huu tumeamua kumpeleka, safari ni ndefu lakini nauli tumeshaanza kuweka. Flashi ile nimeifuta.

Je, wewe baba yako umewahi kumuuliza?