Tela linalorusha mzigo hula faida ya mkulima

MKULIMA wa nyanya anapokodi tela la kutoa mavuno shambani, swali lake la kwanza huwa ni bei kwa kila tenga. La pili ni saa ya kufika, kwa sababu lori la kwenda sokoni halisubiri. Ni wachache wanaoinama kutazama chini ya tela lenyewe, na huko ndiko sehemu ya faida ya msimu inakopotelea.

Katika maeneo kama Ilula, wilayani Kilolo, mkoani Iringa, nyanya hutolewa mashambani kwa njia za vumbi hadi kando ya barabara kuu iendayo Dar es Salaam, ambako hupakiwa kwenye malori. Kipande hicho cha kwanza ni kifupi, lakini mara nyingi ndicho kibovu kuliko safari nzima. Matela mawili yanaweza kupita njia hiyo hiyo, kwa mwendo ule ule na mzigo ule ule, moja likafikisha nyanya nzima na jingine likafikisha zilizopondeka. Tofauti hiyo ina sababu zake.

Springi na ekseli

Sababu ya kwanza ni springi. Matela mengi ya trekta na ya pawatila hayana springi. Ekseli imefungwa moja kwa moja kwenye chasisi, hivyo kinachobaki kupunguza pigo la shimo ni tairi peke yake. Kwa kubeba samadi, matofali au mchanga, utengenezaji huo hauna ubaya, tena ni wa bei nafuu. Kwa nyanya, parachichi au mayai, ni hasara.

Hata hivyo, kuwa na springi hakutoshi. Springi iliyotolewa kwenye lori kuukuu na kufungwa kwenye tela dogo huwa ngumu kupita kiasi. Springi hufanya kazi inapopinda kwa uzito. Iliyotengenezwa kwa tani tano ikibebeshwa tani moja, haipindi ipasavyo. Ndiyo maana tela lenye mzigo kidogo huruka kuliko lililojaa, na tela tupu hugonga njia nzima.

Ekseli nazo zina mchango wake. Tela la ekseli moja hupokea shimo zima kwa mara moja. Lenye ekseli mbili zilizounganishwa kwa boriti inayocheza kama mizani hugawana pigo: tairi la mbele likipanda jiwe la sentimita 10, kiungo cha katikati kinachobeba bodi hupanda sentimita tano tu. Vilevile tairi lenye kipenyo kikubwa hupita juu ya shimo ambalo tairi dogo hutumbukia.

Upepo, pini na upakiaji

Tairi lililojazwa upepo kupita kiasi huwa gumu kama gogo. Lakini kupunguza upepo ovyo nako ni hatari, kwa sababu tairi lenye upepo mdogo chini ya mzigo mzito hupata joto na kupasuka ubavuni. Kipimo sahihi ni kile kilichowekwa na mtengenezaji kwa uzito unaobebwa.

Pini ya kuunganishia tela ikiwa imelika na tundu lake limepanuka, tela husukuma na kuvuta kila dereva anapobadili mwendo, na mzigo wote hupigwa mbele na nyuma.

Upakiaji pia ni muhimu. Nyuma kabisa ya tela, mbali na ekseli, ndiko kunakorushwa zaidi. Mzigo laini ukae karibu na ekseli, huku uzito kidogo ukielemea mbele. Ndani ya tenga, nyanya za chini huminywa na uzito, lakini za juu ndizo zinazorukaruka na kugongana. Mara nyingi mchubuko hauonekani siku hiyo. Huonekana sokoni, nyanya zikianza kuoza.

Nani analipa?

Hapa ndipo penye kiini cha tatizo. Mwenye tela hulipwa kwa tenga lililofika, si kwa nyanya zilizofika nzima. Akinunua springi, gharama ni yake. Asiponunua, hasara ni ya mkulima au ya mchuuzi. Kwa mpango huo hana sababu ya kumwita fundi.

Tuseme tela la kwanza linatoza Sh1,000 kwa tenga, na la pili lenye springi nzuri linatoza Sh1,300. Kwa matenga 50, tofauti ni Sh15,000. Kama tenga moja linauzwa Sh15,000, basi kuokoa tenga moja tu katika safari hiyo kumeshalipa tofauti yote. Ukiokoa la pili, hiyo ni faida yako. Weka bei za kijijini kwako kwenye hesabu hiyo, kisha uamue.

Kabla ya kupakia, tazama kama kuna springi na kama pleti zake hazijavunjika, tikisa pini, angalia matairi, na kubaliana na dereva juu ya mwendo. Kwenye njia mbovu, mwendo wa polepole ni kinga isiyohitaji fundi.

Wakulima wanaovuna pamoja wana nguvu zaidi. Kikundi kinaweza kumwahidi mwenye tela kazi ya msimu mzima na nauli ya juu kidogo, kwa sharti kwamba afunge springi zinazolingana na mzigo. Akiona springi inamletea wateja, atainunua mwenyewe. Tukiendelea kuchagua tela kwa bei ya tenga tu, tutaendelea kupata matela ya kubebea mchanga, na nyanya zetu zitasafiri kama mchanga.