Mzazi, kabla hujalipia kikokotoo kinachochora grafu Kariakoo

Kila majina ya waliochaguliwa kujiunga na kidato cha tano yanapotoka, mitaa ya Kariakoo hujaa wazazi walioshika orodha za mahitaji. Godoro, ndoo, tranka, madaftari makubwa na, kwa watoto wa PCM, PGM na EGM, kikokotoo. (Nazungumzia kile cha hesabu, si kile cha mafao kilichowanyima wastaafu usingizi.)

Katika duka moja Mtaa wa Aggrey nilimkuta mama akihudumiwa.

"Karibu mama. Kijana yuko kidato gani?"

"Anaingia cha tano, PCM."

Muuzaji akaweka mashine mbili juu ya kaunta. "Hii ni ya kawaida. Hii nyingine inachora grafu yenyewe, mama. Parabola, duara, kila kitu. Mtoto hasumbuki."

Ile inayochora ilikuwa na kioo kikubwa na bei iliyoizidi mwenzake mara nyingi. Mama alifungua pochi, akaifunga, akaifungua tena. Alikuwa ametoka kupokea zamu yake ya mchezo wa kina mama wa mtaani kwake, na nusu ya hela ilishakwenda kwenye godoro na nauli. Akachukua ya kawaida. Alitoka dukani akinung'unika kwamba mtoto wake ataanza shule akiwa nyuma ya wenzake.

Hatakuwa nyuma. Mashine aliyoiacha mezani isingeingia hata kwenye chumba cha mtihani.

Baraza la Mitihani la Tanzania, NECTA, huruhusu watahiniwa wa Hisabati ya kidato cha sita kutumia vikokotoo visivyoweza kuwekewa programu. Vile vinavyochora grafu huwekewa programu, na vingi huhifadhi hata maandishi. Kwa msimamizi wa mtihani hakuna tofauti kubwa kati ya hicho na karatasi iliyofichwa kwenye soksi, na kukutwa na kifaa kisichoruhusiwa kunaweza kumfutia mtoto matokeo. Wanaohitaji mashine hizi kweli ni wachache, hasa wale wa shule za kimataifa wanaosoma Diploma ya IB, ambako inatakiwa.

Sasa tuangalie mtoto anachora nini, maana hapa wazazi wengi tunajitoa mapema na kusema hayo ni mambo ya vitabu.

Mada yenyewe inahusu mikato ya koni. Chukua karoti jikoni. Ukiikata moja kwa moja kwa kuipitisha kisu katikati, unapata duara. Ukikata kwa mshazari, kama unavyofanya kwa ajili ya pilau ya wageni, unapata duaradufu, yaani duara lililovutwa. Kisu kikienda sambamba na ubavu wa pili wa karoti, unapata parabola. Isimamishe kitako chini na ncha juu, kisha kata wima pembeni kidogo ya ncha, na hapo ni haipabola. Watoto wanayasoma haya kwa Kiingereza, lakini karoti ni ileile. Inua macho ukiwa Kariakoo, utaona madishi ya televisheni juu ya maghorofa. Umbo lake ni la parabola, ndiyo maana mawimbi yanayoligonga hukusanyika kwenye kile kichwa kinachoning'inia mbele.

Casio walitoa kikokotoo cha kwanza cha kuchora grafu, fx-7000G, mwaka 1985. Ni kifaa kizuri, sibishi, ila hakimfanyii mtoto kazi kama muuzaji anavyodai. Tuseme mtoto anataka kuchora duara lenye nusu kipenyo cha 5 kwenye TI-84 Plus. Njia ya kawaida ya mashine hiyo ni kupokea y iliyosimama peke yake, na duara haliandikiki hivyo kwa mstari mmoja. Inabidi alipasue mara mbili: nusu ya juu ni kipeuo cha pili cha 25 ukitoa x mraba, nusu ya chini ni hiyohiyo yenye alama ya kutoa. Akibonyeza, anaona yai lililolala. Kioo kina nukta 96 kwa upana na 64 kwa urefu, lakini mihimili yote miwili imepangwa kuanzia -10 hadi 10, hivyo umbo linavutwa pembeni. Asipojua kusawazisha mihimili, atadhani amekosea hesabu. Hata akisawazisha, nusu mbili hazigusani pembeni. Panabaki pengo, kwa sababu mashine huruka kutoka nukta hadi nukta na inaweza isikanyage pale ambapo y ni sifuri.

Ziko zenye sehemu maalumu ya mikato ya koni, ambapo unachagua umbo na kujaza namba. Lakini anayejua umbo gani achague na namba zipi ajaze tayari ameshamaliza sehemu ngumu ya swali.

Kikokotoo cha kawaida chenye kazi ya jedwali, kama Casio fx-991ES PLUS, humpeleka mbali zaidi ya wazazi wengi wanavyodhani. Chukua duaradufu ambayo x mraba gawanya kwa 25, jumlisha y mraba gawanya kwa 9, jibu ni 1. Mtoto anaitenga y, anaingiza kwenye jedwali, anapewa namba: x ikiwa 0, y ni 3, ikiwa 3, y ni 2.4, ikiwa 4, y ni 1.8, ikiwa 5, y ni 0. Anaziweka kwenye karatasi ya grafu, anazigeuza upande wa pili na wa chini, anaunganisha kwa mkono. Mkono huohuo ndio ataingia nao kwenye mtihani.

Ukitaka kumsaidia bila kujua hesabu yoyote, leta ubao, misumari miwili na uzi. Pigilia misumari sentimita 8 kutoka mmoja hadi mwingine. Funga uzi wenye sentimita 10 kati ya fundo na fundo, ncha moja kila msumari. Vuta uzi kwa penseli hadi ukaze, kisha zungusha. Utapata duaradufu ileile ya kwenye jedwali, upana sentimita 10 na urefu 6. Mahali pa misumari panaitwa fokasi. Mwulize mtoto kwa nini ni 8 na si 7. Akikujibu kwa ufasaha, ameelewa.

Fokasi hizo mimi nilizikuta kwenye kazi yangu ya kuandika habari za afya. Februari 1980, madaktari wa Munich, Ujerumani, walimtibu mgonjwa wa mawe ya figo kwa mawimbi ya mshtuko, bila kumpasua. Mashine ilikuwa na bakuli la chuma lenye umbo la nusu duaradufu. Cheche ilipigwa ndani ya maji kwenye fokasi ya kwanza, mawimbi yakagonga ukuta wa bakuli na yote kukutana kwenye fokasi ya pili. Mgonjwa alilazwa kwa namna ambayo jiwe lake lilikuwa hapo hapo.

Na hamu ya kuona grafu ikichorwa? Tumia simu unayosomea makala haya. Desmos na GeoGebra ni bure, na ukishapakua programu ya GeoGebra inafanya kazi hata bando likiisha. Humo mlinganyo unaandikwa ulivyo, bila kupasuliwa. Mpe mtoto wakati wa likizo, achore kwanza kwa mkono ndipo alinganishe na kioo.

Ukiwa bado dukani, mwombe muuzaji akiwashe kikokotoo, bonyeza sin 30. Likija 0.5 au nusu, kipo kwenye digrii. Ikija -0.988 na kuendelea, usikirudishe ukidhani ni kibovu: kimewekwa kwenye radiani. Mwambie akuoneshe pa kubadilisha, na mwoneshe mtoto ukifika nyumbani.