Dawa Ikibadilishwa: Mambo ya Saratani Sugu ya Damu

Mhariri wa jarida letu alipoomba makala kuhusu afya, nilikata shauri nisiandike tena juu ya malaria au usafi wa maji. Hayo tumeyasoma tangu shule ya msingi hadi tumeyakariri. Nitaandika juu ya jambo lililoingia jamaa yetu mwaka 2019 na halijatoka: saratani ya damu iitwayo lukemia sugu ya mieloidi. Hasa nataka kueleza swali lililotukosesha usingizi, yaani kwa nini mgonjwa aliyezizoea tembe zake aambiwe siku moja aziache na kumeza nyingine.

Kwanza tulitazame neno lenyewe, maana sisi ni Chama cha Kiswahili. "Sugu" lina sura mbili. Ugonjwa sugu ni ule unaokaa na mtu muda mrefu. Lakini pia tunasema ugonjwa umekuwa sugu, maana yake umekataa kusikia dawa. Mjomba wangu, ambaye ni fundi wa cherehani mjini Machakos, alipoambiwa ana lukemia sugu, nyanya alilia kutwa nzima akidhani mwanawe hana dawa. Kumbe hiyo ilikuwa ndiyo habari nafuu! Lukemia sugu huenda mwendo wa kobe, tofauti na lukemia kali, ambayo isipotibiwa humwangusha mtu kwa majuma machache tu. Ile maana ya pili ya "sugu" ilikuja kutupata baadaye, kama nitakavyoeleza.

Ugonjwa wenyewe huanzia katika uboho, ile nyama laini iliyo ndani ya mifupa ambamo damu hutengenezwa. Katika chembe moja tu, kromosomu nambari 9 na nambari 22 hukatika na kubadilishana vipande. Mwaka 1960, Peter Nowell na David Hungerford waliiona kromosomu moja fupi isivyo kawaida katika damu ya wagonjwa, ikaitwa kromosomu ya Philadelphia kwa kuwa waligundua jambo hilo katika mji huo wa Marekani. Mwaka 1973, Janet Rowley wa Chicago akaonyesha kwamba ufupi ule ulitokana na kubadilishana vipande. Pale vipande vinaposhikana hutokea jeni mpya iitwayo BCR-ABL, nayo jeni hiyo hutoa kimeng'enya kisichojua kupumzika. Chembe nyeupe huzaliwa ovyo ovyo. Mtu mzima wa kawaida huwa na chembe nyeupe kama 4,000 hadi 11,000 katika mikrolita moja ya damu. Mjomba alikuwa na 180,000. Wengu lake lilikuwa limevimba hata akishiba kwa vijiko vitatu vya githeri.

Hapa niseme jambo moja kwa sauti, kwa sababu binamu zangu waliulizwa maswali ya ajabu shuleni kwao. Kasoro hiyo hutokea mtu akiwa amekwisha zaliwa. Ugonjwa huu hauambukizwi, na mzazi hampi mtoto wake.

Sasa tuje kwenye dawa. Kimeng'enya cha BCR-ABL, kama vilivyo vimeng'enya vingi, hakifanyi kazi bila ATP, ile ATP tunayosumbuliwa nayo katika Bayolojia. Fikiria matatu ambayo haiondoki mpaka dereva aketi katika kiti chake. ATP ndiye dereva. Dawa ya imatinibu, ambayo wengi waliijua kwa jina la biashara la Glivec, huwahi kukalia kiti hicho. Dereva akifika anakuta pamejaa, na matatu haiendi popote. Brian Druker wa Oregon na wenzake walianza kuwapa wagonjwa dawa hiyo mwaka 1998, na Mei 2001 ikaidhinishwa Marekani. Kabla ya hapo kulikuwa na busulfani, haidroksiurea, sindano za interferoni, au kupandikizwa uboho wa mtu mwingine, jambo ambalo ni la hatari na la gharama. Baada ya imatinibu wakaja ndugu zake: dasatinibu mwaka 2006, nilotinibu mwaka 2007, bosutinibu na ponatinibu mwaka 2012, na asiminibu mwaka 2021. Kuwapo kwa ndugu hao ndiko kunakofanya kubadilisha dawa kuwezekane. Zamani ungebadilisha uende wapi?

Wengi hudhani dawa ikibadilishwa ni ishara kwamba mambo yameharibika. Si lazima. Kuna mgonjwa ambaye dawa inafanya kazi vizuri lakini mwili wake hauivumilii, na kuna yule ambaye mwili umeizoea vizuri lakini ugonjwa nao umeizoea. Hawa wawili wako katika hali tofauti kabisa ingawa wote wataondoka kliniki na kopo jipya. Tena, mara nyingine tembe huja na rangi nyingine au kopo jingine kwa sababu tu imetengenezwa na kampuni nyingine. Hapo dawa haijabadilika ikiwa jina lake la kitaalamu ni lile lile. Mjomba aliwahi kukataa kumeza kwa siku moja, eti hizi za manjano si zangu, mpaka mfamasia alipomsomea jina kwenye kopo.

Mjomba alipata yote mawili, kwanza lile la mwili. Alikuwa akimeza imatinibu miligramu 400 kila siku. Miguu ikawa inamkaza usiku, na kwa mtu anayekanyaga cherehani mchana kutwa hilo si jambo dogo. Macho yakavimba asubuhi hata kutia uzi kwenye sindano kukawa kazi ya mtoto wake. Akataka dawa ibadilishwe hapo hapo. Daktari hakukubali. Alimwambia ameze tembe pamoja na chakula na gilasi kubwa ya maji ili kichefuchefu kipungue, akampima madini ya damu kwa ajili ya ule mkazo wa misuli, na akamwomba avumilie miezi kadhaa. "Mzee," akamwambia, "dawa inayokufaa haitupwi kwa sababu ya uvimbe wa macho." Nami naona alisema kweli, maana madhara mengi ya namna hii hupungua kwa muda. Yakizidi, kwa mfano ini likidhurika au damu ikishuka mno kila dawa inaporudishwa, hapo ndipo hubadilishwa.

Jambo la pili ndilo lililotutia hofu, kwa sababu halikuwa na dalili yoyote. Mjomba alikuwa anakula, anashona, ananenepa. Lakini wagonjwa hawa hupimwa kiasi cha BCR-ABL katika damu kwa asilimia, na nambari hiyo huona mbali kuliko macho. Matarajio ni kwamba baada ya miezi 3 iwe imeshuka hadi asilimia 10 au chini, baada ya miezi 6 asilimia 1, na baada ya mwaka asilimia 0.1. Mjomba alianza vyema: 6, kisha 0.7, kisha 0.09. Akakaa hapo chini miaka mitatu. Halafu mwaka 2023 ikawa 0.8, na kipimo kilichofuata kikasema 3.2. Ukishapita mwaka mmoja wa matibabu, nambari ikivuka asilimia 1 huhesabiwa kuwa dawa imeshindwa. Kwa nini haraka hiyo na mtu ni mzima? Kwa sababu lukemia hii ikiachwa huweza kuruka kutoka hatua ya polepole hadi ile ya kulipuka, na huko dawa hizi hazina nguvu kama hapa.

Nilikuwa nimemsindikiza siku hiyo. Nilidhani daktari ataandika dawa mpya papo hapo. Badala yake akaanza kuuliza maswali kama polisi. Umeruka tembe ngapi mwezi uliopita? Kuna wiki ulikosa dawa kabisa? Umetibiwa kifua kikuu? Unakunywa mitishamba gani? Baadaye nilielewa sababu. Mwaka 2010, watafiti wa hospitali ya Hammersmith, London, walichapisha habari za wagonjwa 87 waliowekewa makopo yenye kifaa cha kuhesabu kila kifuniko kinapofunguliwa. Waliomeza chini ya asilimia 90 ya tembe zao walikuwa na matokeo mabaya mno kuliko wenzao. Asilimia 90 maana yake ni kukosa siku tatu tu kwa mwezi! Na rifampisini, dawa ya kifua kikuu inayotumika sana hapa kwetu, hulifanya ini kuisaga imatinibu upesi hata ikabaki kidogo sana katika damu. Katika hali kama hizo imatinibu yenyewe haina kosa. Ukibadilisha dawa bila kuuliza, utaitupa dawa nzuri na tatizo libaki pale pale.

Mjomba hakuwa ameruka wala kutibiwa kifua kikuu. Basi damu ikapelekwa kusomwa jeni, tukangoja majuma kadhaa. Jibu likarudi na herufi na nambari tu: F359V. Maana yake ni kwamba katika kile kimeng'enya, asidi-amino ya nafasi ya 359 imebadilishwa na nyingine. Turudi kwenye matatu yetu: kiti kimepindwa kidogo, imatinibu haikai sawasawa, lakini dereva bado anakaa. Dawa haiwafundishi wagonjwa wa namna hii usugu. Chembe zenye kasoro hiyo huwa chache mwanzoni, na wenzao wanapokufa kwa dawa, hizo hubaki na kuzaana.

Nyumbani kukawa na kikao. Shemeji mmoja, mtu wa kujua mambo yote, akasema tudai ile mpya kuliko zote, kwa kuwa mpya ndiyo kali. Hapa ndipo nilipojifunza jambo ambalo nataka mlibebe: dawa hizi hazipangwi kama vidato, ya kwanza, ya pili, ya tatu. Kila moja ina kiti inachokifaa na mwili inaoufaa. Palipo na F359V, nilotinibu nayo hupungukiwa nguvu, na dasatinibu hufanya vizuri. Palipo na F317L mambo hugeuka: dasatinibu ndiyo inayopungukiwa. Na kuna kasoro moja inayoogopwa, T315I, ambayo huwazuia imatinibu, dasatinibu, nilotinibu na bosutinibu wote wanne. Ponatinibu ilibuniwa kuipita kasoro hiyo, lakini huweza kuziba mishipa ya damu, hivyo si ya kuchezewa. Asiminibu haigombei kiti kabisa. Hushika mahali pengine penye breki ya asili ya kimeng'enya, mahali ambapo BCR-ABL ilikuwa imepoteza breki yake.

Kisha mwili. Nilotinibu huweza kupandisha sukari na mafuta ya damu, kuharibu mishipa na kuvuruga mapigo ya moyo. Tena humezwa mara mbili kwa siku tumbo likiwa tupu, saa mbili baada ya kula na saa moja kabla ya kula tena. Mjomba ana kisukari. Kwa hiyo njia zote mbili, ya jeni na ya mwili, zilielekea dasatinibu, miligramu 100 mara moja kwa siku. Alipimwa moyo, akapigwa picha ya kifua, akapimwa homa ya ini aina ya B kwa kuwa dawa hizi huweza kuiamsha. "Daktari," akauliza, "kwani mimi ni suti, kila mara nifumuliwe?" Daktari akacheka, akamjibu kwamba suti iliyofumuliwa ikapimwa upya huvaliwa miaka.

Alimeza imatinibu ya mwisho jioni, na kesho yake akaanza mpya, bila likizo katikati. Miezi ya kwanza alikuwa akipimwa damu kila majuma mawili, kwa sababu chembe za kugandisha damu huweza kushuka.

Kilichomtatiza zaidi kilikuwa kiungulia! Kwa miaka mingi alikuwa akinunua omeprazoli katika duka la dawa karibu na stendi, bila kumwambia mtu, maana nani huhesabu kiungulia kuwa ugonjwa? Lakini dasatinibu huhitaji asidi ya tumbo ili iyeyuke. Ukizima asidi kwa omeprazoli, tembe hupita bure. Iligunduliwa kwa bahati tu, mke wake alipotoa mfuko wake wote wa dawa mezani kliniki. Akaruhusiwa zile za kutafuna za kawaida, mradi azitenge na dasatinibu kwa saa mbili kabla au baada. Balungi nalo likapigwa marufuku, kwa kuwa huongeza dawa katika damu kupita kiasi.

Gharama siwezi kuiruka. Tangu 2002 kulikuwa na mpango wa kampuni ya Novartis na shirika la Max Foundation wa kuwapa Glivec bure wagonjwa wa nchi nyingi wasio na uwezo, na Shirika la Afya Duniani liliiweka imatinibu katika orodha yake ya dawa muhimu mwaka 2015, dasatinibu na nilotinibu mwaka 2017. Hata hivyo orodha haijazi rafu. Kliniki moja ilimwambia mjomba arudi wiki ijayo, na jamaa tukachanga nauli na dawa za siku saba ili asikose hata moja.

Miezi mitatu baada ya kubadilisha, nambari ilikuwa 0.6. Miezi sita, 0.07. Sasa anachotakiwa kuangalia ni pumzi, kwa kuwa dasatinibu huweza kujaza maji kati ya pafu na mbavu, hata baada ya miaka. Kikohozi kikavu au kuhema akipanda ngazi za duka lake za orofa ya kwanza, aende hospitali siku hiyo hiyo, asingoje tarehe ya kadi.