HABARI ZA TEKNOLOJIA ZIMFAE MSOMAJI: FUNZO LA SIMU BANDIA LA MWAKA 2016

Habari ya teknolojia huandikwa ili mwananchi afahamu jambo jipya na ajue la kufanya. Iwapo msomaji ataimaliza bila ya kujua kama inamhusu, habari hiyo haikutimiza wajibu wake, hata kama kila neno lililomo ni sahihi. Suala hili linawahusu watumishi wa umma wanaotayarisha taarifa, kadhalika wananchi wanaozisoma.

Mfano ulio wazi ni zoezi la kuzima simu bandia. Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania (TCRA) hufanya kazi katika pande zote mbili, kwa kuwa posta na simu ni miongoni mwa mambo ya Muungano. Mwezi wa Desemba, 2015 Mamlaka hiyo ilizindua rajisi ya namba tambulishi za simu, na saa 6:00 usiku wa tarehe 16 Juni, 2016 simu bandia ziliondolewa katika mitandao. Baina ya uzinduzi na kuzimwa ilipita miezi sita. Muda ulikuwepo, kazi iliyobaki ilikuwa kuifikisha habari kwa wahusika kwa namna watakayoielewa.

Miongoni mwa wahusika hao ni wanunuzi wa Kariakoo na Gerezani, kata mbili zinazopakana katikati ya jiji la Dar es Salaam, ambako maduka ya simu ya Mtaa wa Aggrey yanajulikana na wengi. Abiria anayeshuka botini kutoka Unguja hufika huko kwa mwendo mfupi, na tangu mwaka 2016 mabasi yaendayo haraka yana kituo chake Gerezani. Hununua simu na kurejea kwao. Akigundua akiwa Wete au Mkoani kwamba simu haipati mtandao, gharama ya kurudi kudai haki yake huweza kuikaribia bei ya simu yenyewe. Kwa mtu huyu, maelezo yanayomfikia kabla hajalipa ni kinga. Yakimfikia baadaye, hubakia kuwa masimulizi tu.

Maelekezo ya wakati ule yalikuwa mepesi: kubonyeza *#06#, kuiona namba tambulishi yenye tarakimu 15, kisha kuituma kwa ujumbe mfupi kwenda 15090. Hata hivyo, kulikuwa na mambo matatu ambayo taarifa ikiyaacha, msomaji hupotoka.

Kwanza, kupata jibu hakukuwa na maana kwamba simu ni halisi. Jibu lilitaja aina ya simu iliyosajiliwa kwa namba ile, na mwenye simu alitakiwa ailinganishe na simu aliyoishika. Zikitofautiana, hiyo ilikuwa dalili ya simu bandia iliyobebeshwa namba ya simu nyingine. Aliyeambiwa “tuma namba upate jibu”, bila ya kuambiwa alinganishe, aliweza kutulia akiwa hatarini.

Pili, simu ya laini mbili huwa na namba tambulishi mbili. Kuikagua moja tu hakutoshi.

Tatu, neno “kuzimwa” lilihitaji ufafanuzi. Simu iliyozimwa iliendelea kuwaka. Kilichoondoka ni uwezo wake wa kupiga, kupokea na kutuma ujumbe kwa kutumia mtandao wa simu. Aliyesubiri ifariki kabisa aliweza kudhani kwamba imesalimika, kumbe tatizo ni mtandao.

Kutokana na funzo hilo, watayarishaji wa taarifa wanashauriwa kuzingatia yafuatayo:

(a) Kumjua msomaji kabla ya kuandika. Muuza duka, mnunuzi na ofisa wa ununuzi serikalini wana maswali yasiyofanana. Taarifa moja isiyobainisha inamwambia nani huwaacha wote watatu njia panda.

(b) Kutanguliza tendo na tarehe. Historia ya mfumo na majina ya vyombo vinavyousimamia vije baadaye.

(c) Kutumia maneno yaliyokwisha kuzoeleka. Matangazo ya televisheni ya analojia yalipozimwa Dar es Salaam tarehe 31 Desemba, 2012, madukani watu waliulizia “king’amuzi”. Taarifa iliyotumia neno hilo haikuhitaji mkalimani.

(d) Kuisoma rasimu mbele ya mtu asiyeijua fani hiyo, kisha kumtaka aeleze atafanya nini. Pale atakapokwama ndipo panapohitaji kuandikwa upya.

(e) Kuweka tarehe ya taarifa, na kuiondoa ubaoni muda wake ukipita. Tangazo lililochakaa hupoteza watu sawa na uvumi.

Kwa upande wao, wananchi wanakumbushwa kwamba kubonyeza *#06# hakuhitaji salio. Ni vyema mnunuzi afanye hivyo dukani kabla ya kutoa fedha, ailinganishe namba anayoiona na ile iliyoandikwa kwenye boksi, na adai risiti yenye jina la duka na aina ya simu. Aidha, asomaye taarifa asiielewe ana haki ya kuiuliza ofisi iliyoitoa, na ofisi ina wajibu wa kumjibu. Maswali ya namna hiyo yawekwe kumbukumbu, kwani ndiyo yatakayoonesha nini kiongezwe katika taarifa itakayofuata.